Lenzi ya Nyuso

Mdadisi akitoka shule hakupitia mlango wa nyumbani. Alipitia dukani. Duka la picha la baba yake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlikuwa na pazia lililochorwa maua ambayo hayajawahi kuota popote duniani, stuli ya wateja, kioo cha ukutani, na kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikaondoka na mtu. Nyuma ya pazia kulikuwa na mlango mwembamba wa chumba cha giza, ambamo baba alisafishia picha chini ya taa nyekundu. Hizo zilikuwa siku za filamu. Picha ulipiga leo, ukaiona ikishasafishwa, na kama ulikosea, basi umekosea.

Jina la Mdadisi hakupewa na wazazi wake. Walimpa wateja, kwa sababu mtu hakuweza kukaa kwenye stuli ile bila kuulizwa maswali kumi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ya kila jioni ilikuwa kufuta lenzi. Alitandika kitambaa mezani, akapuliza vumbi kwa kipira, kisha akafuta kioo polepole kutoka katikati kwenda pembeni. Baba alipenda kumpima huku kazi ikiendelea.

"Hii?" baba aliuliza, akiinua lenzi fupi na nene.

"Pana. Ya mitaa na nyumba. Inaonyesha mtu yuko wapi."

"Nikimsogelea nayo mtu usoni?"

"Utampa pua ya mtu mwingine."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Na hii ndefu?"

"Ya nyuso. Unasimama mbali kidogo, mtu habanwi, na uso wake unatoka kama ulivyo."

Baina ya hizo mbili kulikuwa na ya kati, iliyoona mambo kama macho yetu yanavyoyaona. Lakini lenzi ya nyuso ndiyo baba aliyoipenda kuliko vyote alivyokuwa navyo. Ilikaa kwenye mfuko wake wa ngozi, na sharti lake lilikuwa moja tu: isitoke nje ya chumba kile isipokuwa mikononi mwake mwenyewe.

Barua ilifika siku ya Jumatatu. Ilikuwa ya Bibi, mama yake baba, aliyeishi nao chumba cha nyuma. Macho yake yalikuwa yamechoka kusoma, kwa hiyo Mdadisi alimsomea kwa sauti. Jirani wa dada yake ndiye aliyeandika. Alisema kwamba dada huyo anaumwa tangu mwezi uliopita, anakula kidogo sana, na kila siku anamtaja mdogo wake.

Bibi aliipapasa nyonga yake mbovu. Dada yake aliishi mbali, safari ya siku mbili kwa basi na nusu siku kwa miguu. Bibi mwenyewe hakuweza hata kufika barabarani bila kushikwa mkono.

"Nenda wewe, mwanangu," alimwambia baba jioni ile. "Mpelekee dawa na shuka nzuri. Halafu uniletee uso wake."

"Nitakupigia picha nyingi, Mama. Nyumba yake, uwanja wake, ile njia yenyewe..."

"Nyumba ya nini? Sitaki nyumba. Nataka uso. Mara ya mwisho nilipomwona hakuwa na mvi hata moja. Hatujawahi kupigwa picha maisha yetu yote, si yeye, wala mimi niliyekuwa nikikukwepa kila siku. Nataka nione alivyozeeka, ili tuwe tumezeeka wote."

Baba akaitikia kwa kichwa. Dada huyo wa Bibi ndiye Mama Mkubwa wake, aliyemlea miaka miwili alipokuwa mtoto.

Basi nyumba nzima ikawa katika safari. Mdadisi alitaka kujua kwa nini baba hatachukua lenzi zote tatu.

"Mkoba ukiwa mzito, mpiga picha anakuwa mvivu," baba alimjibu. "Nitachukua pana, kwa ajili ya njia na nyumba. Nitachukua ndefu, kwa ajili ya Mama Mkubwa. Ya kati ibaki. Nikiihitaji, miguu yangu itafanya kazi hiyo, nisogee mbele au nirudi nyuma."

Kamera yake ilikuwa ya kizamani. Mpigaji hakuchungulia kupitia lenzi yenyewe, bali kupitia kidirisha kilichokuwa juu yake. Ndani ya kidirisha uliona sura mbili za mtu mmoja. Ukazungusha pete ya lenzi mpaka zikakutana zikawa moja, na hapo ukajua umelenga. Lakini kama lenzi ilikuwa na kasoro, kidirisha hakikuwa na njia ya kukuambia.

Ijumaa mchana baba alikwenda kutafuta filamu mpya. Akaja rafiki yake Mdadisi, binti wa fundi saa, aliyekaa naye dawati moja. Mdadisi alikuwa amejisifu darasani wiki nzima juu ya lenzi ya nyuso, na rafiki yake alikuwa amechoka kusikia.

"Unaniambia tu," alisema binti wa fundi saa. "Mimi naamini ninachokiona."

"Njoo uone."

"Humu ndani giza. Toa nje, tuitazame kwenye mwanga."

Mdadisi alisita. Sharti alilijua. Lakini nje palikuwa hatua tatu tu, na baba hayupo, na uso wa rafiki yake ulikuwa umeanza kutabasamu lile tabasamu la kusema ulikuwa unatudanganya. Akaitoa. Wakasimama barazani, wakaipokezana, wakaangalia barabara iliyopinduka ndani ya kioo, watu wakitembea vichwa chini. Walicheka sana. Katika kupokezana huko, mmoja aliachia kabla mwingine hajashika. Lenzi iligonga ngazi ya saruji, ikaviringika, ikasimama kwenye mchanga.

Mdadisi aliiokota haraka. Kioo kilikuwa kizima. Hakukuwa na ufa wala mkwaruzo, ila alama ndogo pembeni kwenye chuma. Lakini alipozungusha pete, ilifika mahali ikasaga kidogo, kisha ikaendelea.

"Tumpelekee baba yangu," rafiki yake alinong'ona. "Anafungua saa ndogo kuliko kucha. Ataiangalia sasa hivi."

"Halafu amwambie baba yangu? Wapo pamoja kila siku."

"Si bora amwambie?"

"Wewe hujui. Nitanyimwa kazi ya lenzi maisha yangu yote. Kioo kizima, huoni? Haina kasoro. Na wewe usiseme."

Binti wa fundi saa aliondoka bila kuaga. Mdadisi alifuta mchanga, akapaka alama ile rangi nyeusi ya viatu, akairudisha lenzi kwenye mfuko wake wa ngozi. Jioni hakula vizuri, akasingizia tumbo.

Jumapili asubuhi baba alipanga mkoba wake. Alitia shuka, dawa, filamu, kamera, lenzi mbili. Akamgeukia Mdadisi.

"Umezifuta?"

"Ndiyo, Baba."

"Zote salama?"

Kulikuwa na muda wa kusema ukweli. Baadaye Mdadisi aliukumbuka muda huo, jinsi ulivyokuwa mrefu, jinsi baba alivyomtazama bila haraka huku ameshika kifungo cha mkoba.

"Zote salama, Baba."

"Basi sina haja ya kuangalia," baba akasema, akafunga mkoba.

Siku zilizofuata Bibi alikuwa na kazi moja tu, kuuandalia uso wa dada yake mahali pa kukaa. Alimwagiza Mdadisi autoe msumari mlangoni na kuupigilia ukutani, mbele ya kitanda.

"Nikiamka nimwone yeye kwanza, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu utotoni, kwa utani. "Wewe nimekuchoka, kila asubuhi uso huo huo."

Mdadisi alipigilia msumari. Aliomba kimoyomoyo lenzi iwe haina kasoro.

Baba alirudi siku ya tisa, viatu vyekundu kwa vumbi. Bibi hakumruhusu hata anawe.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Mama. Amekonda, lakini ulimi wake ni ule ule. Aliniambia nimenenepa vibaya. Nilipotoa kamera akadai kwanza abadilishe kitambaa cha kichwa, akajipaka mafuta usoni. Nikamkalisha mbele ya ukuta wa nyumba yake, kwenye kivuli chenye mwanga laini. Nimempiga filamu karibu nzima. Wakati mmoja alicheka, Mama, akafunika mdomo kwa kiganja."

"Anafunika hivyo tangu jino lake la mbele lilipong'oka," Bibi akasema, machozi yakimshuka. "Tulikuwa wadogo. Nilimsukuma mimi."

Kesho yake baba aliingia chumba cha giza, Mdadisi naye akaingia, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kukataa. Picha ya kwanza ya Mama Mkubwa ilianza kujitokeza ndani ya sinia ya dawa. Ukuta ulitoka kwanza. Ulikuwa ukuta mzuri sana, kila ufa ulionekana, hata walipopita mchwa palionekana. Mbele ya ukuta palikuwa na ukungu wenye kitambaa cha kichwa.

Baba alisafisha ya pili, ya tatu, ya saba. Ukuta na ukungu. Katika moja kiganja kilikuwa kimefunika mdomo, lakini hicho nacho kilikuwa ukungu. Baba akaishikilia picha chini ya taa nyekundu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Sura zilikutana," alisema, kama anayemweleza mtu mwingine. "Niliziona zimekutana. Pete ilikuwa inasaga kidogo, nikasema ni vumbi la njiani." Kisha akakaa chini, sakafuni, jambo ambalo Mdadisi hakuwahi kumwona akilifanya. "Ni macho yangu. Macho yangu yamekwisha, nami sikujua."

Mdadisi aligeukia sinia, akaanza kuzitundika picha zikauke.

Baba alimwambia Bibi kwamba picha hazikutoka vizuri, na kwamba mwezi ujao atarudi kumpiga picha tena. Bibi alisema hapana neno, mwezi si mwaka. Tangu hapo baba alikubali wateja wa picha za kitambulisho tu. Mama mmoja alipomleta mtoto wake mchanga apigwe picha ya uso, baba alimwelekeza kwa mpiga picha mwingine, ng'ambo ya soko. "Mimi siku hizi sioni vizuri, mama," alimwambia, na Mdadisi alisikia kila neno kutoka nyuma ya pazia.

Ijumaa ilikuja telegramu. Mama Mkubwa alikuwa amefariki, na alikuwa ameshazikwa.

Majirani walikuja, wakakaa, wakaondoka. Walipobaki wao watatu chumbani, baba alipiga magoti mbele ya mama yake kama mtoto.

"Nisamehe, Mama. Uliniomba kitu kimoja tu. Macho yangu yamekunyima dada yako."

Bibi alikuwa anautazama msumari.

"Si macho yako, Baba," Mdadisi akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Macho yako hayana kasoro. Niliiangusha lenzi. Ijumaa ile, kabla hujaondoka. Niliitoa nje nikaiangusha kwenye ngazi, nikaipaka rangi ya viatu usione. Uliponiuliza nilikudanganya."

Hakuna aliyemkaripia. Ingekuwa nafuu kukaripiwa. Baba aliinuka taratibu, akaenda dukani, akarudi na ule mfuko wa ngozi, akamshika Mdadisi mkono, wakashika njia mpaka kwa fundi saa.

Fundi saa alibana kioo chake jichoni, akaifungua lenzi juu ya kitambaa cheupe. Binti yake alikuwa pembeni, ameinamisha kichwa.

"Pete ya ndani imehama," alisema fundi. "Kidogo tu, unene wa karatasi. Kwenye kidirisha chako utaona umelenga uso, kumbe lenzi inalenga nyuma yake." Alichukua bisibisi nyembamba kama sindano, akalegeza, akasukuma, akakaza. Akamrudishia baba. "Imekwisha. Ungeileta siku ilipoanguka, ungeingojea hapo hapo ulipokaa."

Baba aliitazama ile lenzi mkononi mwake. Kisha akairudisha kwenye mfuko wake wa ngozi.

Njiani ndipo baba aliposema. Hakupandisha sauti.

"Sikiliza, mwanangu. Kuiangusha si kosa kubwa. Mimi nimeangusha mbili maishani mwangu. Hata kuitoa nje ningekusamehe kabla ya chakula cha jioni. Lakini nilikuuliza, ukanijibu, nami nikafunga mkoba. Nimebeba uongo wako begani siku mbili na nusu kwenda na siku mbili na nusu kurudi, nikidhani nimebeba lenzi. Nilimkalisha mgonjwa nje kwa ajili yake. Mama Mkubwa alijipaka mafuta kwa ajili yake. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Baba."

"Basi lia. Hapo huna kosa."

Akalia barabara nzima, na baba hakumwachia mkono.

Siku iliyofuata baba alirudi chumba cha giza na ule ukanda wa filamu. Mwanzoni mwake zilikuwapo picha tatu alizopiga kwa lenzi pana: njia, uwanja, na nyumba ikiwa mbali, Mama Mkubwa amesimama mlangoni. Alikuwa amezipiga ili tu ajue filamu imekaa sawa. Mtu yule mlangoni alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, lakini alikuwa safi. Baba alipandisha mashine ya kukuzia picha mpaka mwisho wa nguzo yake. Mdadisi alishika saa, akahesabu sekunde kwa sauti.

Uso uliotoka ulikuwa na chengachenga nyingi, kama uliotazamwa kupitia wavu. Macho yalikuwa madoa mawili. Lakini mabega yalikuwapo, na mkono mmoja uliosimama kiunoni.

Bibi aliishika picha ile kwa mikono miwili. Aliileta karibu na pua.

"Anasimama vile vile," alisema mwisho. "Mkono kiunoni, kama anayetaka kugombana na mgeni." Akaipapasa kwa kidole pale palipokuwa na uso. "Lakini sikuoni, dada yangu. Sikuoni macho."

Mdadisi alipiga magoti. "Bibi, nimekunyang'anya dada yako."

"Dada yangu amechukuliwa na maradhi, usijipe ukubwa huo," Bibi alisema. "Wewe umeninyang'anya uso wake, na hilo ni kweli, na litaniuma. Sitakudanganya kwamba haliniumi. Ila umesema. Umechelewa, lakini umesema, na mwanangu amerudishiwa macho yake. Sasa nisikilize, mke mwenzangu. Kitu ukikiangusha, kiseme kikiwa bado chini. Ukishakiokota na kukificha, kila siku inayopita inakiongezea uzito, na mtu atakayelemewa nacho mara nyingi si wewe."

Kisha akamwambia baba alete kamera.

"Kamera ya nini, Mama?"

"Mimi nami sina picha. Mnataka siku yangu ikifika mbaki mnatazama ukuta? Weka hiyo lenzi iliyotengenezwa. Na apige huyu."

Baba alimtazama Mdadisi. Mdadisi alitikisa kichwa kukataa, lakini Bibi alikuwa ameshaanza kujifunga kitambaa. Walimsogeza karibu na dirisha, ubavu wake ukielekea kwenye mwanga. Baba alifunga lenzi ya nyuso, akapima mwanga, akamkabidhi mtoto wake kamera, akarudi nyuma.

Mdadisi alichungulia kidirishani. Aliona Bibi wawili, na wote wawili walikuwa wanatetemeka kwa machozi yake.

"Futa macho kwanza," Bibi alisema. "Sina haraka. Na ukiona hujalenga, useme hujalenga."

"Sijalenga, Bibi."

"Haya, nangoja."

Alifuta macho kwa mkono wa gauni, akazungusha pete polepole. Ilizunguka laini, bila kusaga. Alingoja mpaka sura zilipokutana, akabonyeza.

Picha ilitoka vizuri kuliko zote ambazo zimewahi kupigwa katika nyumba ile. Kila kunyanzi lilikuwapo, na ndani ya kila jicho kulikuwa na dirisha dogo. Jioni Mdadisi aliipeleka chumbani ikiwa bado na unyevu pembeni. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, kwa hamu, kama anayemtafuta mtu katikati ya watu wengi.

"Watu walikuwa wakitufananisha," alisema. "Nilidhani huenda nitamwona humu."

"Umemwona, Bibi?"

"Hapana," Bibi akajibu. "Huyu ni mimi tu. Yeye alikuwa mzuri zaidi."

Akailaza picha mapajani, akamvuta mjukuu wake akae karibu naye, wakalia pamoja.